Mguu unakanyaga, mkono umekufa: njia za damu kuelekea ubongoni

Mama alikuwa amemshika mumewe kiunoni, wakitembea polepole kutoka kwenye bajaji hadi kwenye benchi la mapokezi. Walitoka upande wa Bahi, magharibi mwa Dodoma. Mzee aliamka alfajiri mkono wa kulia ukining'inia na mdomo umevutwa upande. Nyumbani walidhani ameulalia mkono, wakamkanda kwa maji ya moto mpaka jua likapanda. Nilipomwamkia alinitazama vizuri kabisa, akafungua mdomo, ikatoka "ee... ee...", kisha machozi yakamlengalenga. Nilipomwambia afumbe macho, alifumba. Nilipomwambia anyanyue mguu wa kulia aliunyanyua, mzito kidogo lakini ulinyanyuka. Mkono haukusogea hata kidole.

Mkewe akaniuliza: "Daktari, kama ni kiharusi, mbona mguu unakanyaga na mkono umekufa? Na mbona anasikia kila ninachosema lakini maneno hayatoki?"

Mimi ni tabibu wa kituo cha afya, na siku ile foleni ilikuwa ndefu. Nikamwambia, "Ni mshipa wa damu kichwani, mama," nikaandika rufaa, wakaondoka. Nilisema kweli, lakini swali lake nililiacha palepale kwenye benchi. Alikuwa ameona kwa macho yake kitu ambacho wanafunzi wa udaktari hukaa mihula kadhaa kukielewa: kiharusi hakipigi ovyo. Kina mipaka, na mipaka yenyewe imechorwa na ateri, yaani mishipa inayopeleka damu. Anayeijua mishipa hiyo anaweza kumtazama mgonjwa kwenye benchi akakisia ni mtaa gani wa ubongo umekatiwa huduma. Nataka nimjibu mama yule sasa, bila haraka.

Tuanze na njaa ya ubongo. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa karibu kilo 1.4, kama asilimia 2 tu ya mwili. Lakini katika damu yote inayosukumwa na moyo mtu akiwa ametulia, ubongo huchukua kama asilimia 15, na katika oksijeni yote inayotumika mwilini hula karibu asilimia 20. Ni kama robo tatu ya lita ya damu kila dakika, uwe unapiga hesabu za duka au umelala fofofo. Na ubongo karibu hauna kihenge. Msuli wa paja hujiwekea sukari ya akiba, ini nalo hujiwekea, mafuta hukaa tumboni yakisubiri siku ya njaa. Ubongo hula kilicholetwa dakika hii hii. Damu ikikatika kichwa kizima, mtu hupoteza fahamu ndani ya sekunde kama 10, na zikipita dakika chache seli huanza kufa, na seli ya ubongo iliyokufa haioti tena.

Kiungo chenye njaa kama hiyo hakiwezi kutegemea njia moja. Kimewekewa nne.

Damu ikitoka moyoni hupanda kwenye aota, mshipa mkuu kuliko yote, ambao hujikunja juu ya moyo kama kishikio cha bakora. Kwenye mkunjo huo huchipuka ateri kubwa tatu. Ya kwanza ni shina fupi la upande wa kulia ambalo hugawanyika upesi: tawi moja huelekea mkono wa kulia kwa kupita chini ya mtulinga, jingine hupanda shingoni. Ya pili hupanda shingo ya kushoto moja kwa moja. Ya tatu huelekea mkono wa kushoto. Kwa hiyo kulia na kushoto havifanani pale chini, lakini zikifika shingoni ateri hizo huwa kama pacha.

Weka vidole viwili pembeni mwa kikoromeo chako, vibonyeze taratibu. Kinachodunda hapo ni karotidi ya pamoja. Shika upande mmoja tu kwa wakati mmoja. Nasema hivyo kwa sababu usawa wa juu ya kikoromeo karotidi hugawanyika kuwa mbili, na pale panapogawanyika pana kihisi kinachopima shinikizo la damu kila moyo unapopiga. Ndicho kinachokuwezesha kuinuka kitandani bila kuanguka: kinahisi shinikizo limeshuka na kuuambia moyo uongeze kasi. Ukikibonyeza kwa nguvu hudanganyika kwamba shinikizo limepanda, kikaupunguza mwendo wa moyo, na wapo watu wanaozirai papo hapo.

Kutoka kwenye panda hiyo, karotidi ya nje huenda usoni, kwenye ulimi, taya na ngozi ya kichwa. Mtoto akichanika utosini damu hutiririka hadi mama akapiga mayowe, ingawa jeraha lenyewe ni dogo. Ni karotidi ya nje hiyo. Karotidi ya ndani ina tabia nyingine kabisa. Haitoi tawi hata moja shingoni. Hupanda kimya, huingia kwenye mfupa mgumu ulio karibu na sikio, hupinda mara kadhaa humo ndani, kisha hutokea chini ya ubongo. Tawi lake kubwa la kwanza huenda jichoni. Ndiyo maana mtu ambaye panda yake ya shingoni imejaa mafuta ukutani anaweza siku moja kuona kama pazia jeusi limeshushwa kwenye jicho moja, likakaa dakika chache, likapanda. Haumwi. Anaendelea na shughuli zake. Lakini kipande kilichobanduka ukutani kimepita jichoni leo, na kesho kinaweza kupita moja kwa moja ubongoni.

Njia mbili zilizobaki hupita nyuma. Kila ateri ya mkono, kabla haijatoka shingoni, hutoa tawi linalopanda kwenye pingili za shingo. Ziguse pingili zako kwa nyuma: pembeni mwa kila moja kuna tundu dogo usiloweza kulifikia kwa kidole, na ateri hii, ateri ya vetebra, hupenya tundu baada ya tundu kuanzia pingili ya sita hadi ya kwanza, kama uzi kwenye shanga. Juu kabisa hujipinda kuizunguka pingili ya kwanza, kisha huingia kichwani kwa lile tundu kubwa la fuvu ambamo uti wa mgongo hutokea. Pinda hilo la juu ndilo linalonitia wasiwasi nikiona vinyozi wanaomaliza kazi kwa kumgeuza mteja shingo ghafla mpaka ilie. Si jambo la kila siku, lakini limethibitishwa: kugeuzwa kwa nguvu kunaweza kuchana utando wa ndani wa ateri, damu ikaganda pale, na kijana mzima akapata kiharusi. Mwambie kinyozi akukande mabega inatosha.

Zikiwa ndani ya fuvu, ateri mbili za vetebra hufanya jambo la nadra mwilini. Ateri kwa kawaida hugawanyika. Hizi huungana, zikawa moja, ateri ya basila, inayolala mbele ya shina la ubongo kama mlezi aliyelala mlangoni pa mtoto. Karotidi mbili za mbele hubeba takriban robo tatu ya damu ya ubongo. Hizi za nyuma hubeba iliyobaki, lakini hulisha sehemu inayoendesha kupumua, kumeza, usawa na kuwa macho. Uchache wa damu yake usimdanganye mtu.

Sasa njoo Dodoma. Jiji letu huingiwa kwa barabara kuu nne: ya Morogoro kutoka mashariki, ya Singida kutoka magharibi, ya Arusha inayopita Kondoa na Babati kutoka kaskazini, na ya Iringa inayovuka Mtera kutoka kusini. Kwa miaka mingi, aliyetoka Iringa kwenda Arusha alilazimika kupita katikati ya mji. Ndipo ikaja barabara ya mzunguko wa nje, kilomita 112.3, inayopita Nala, Veyula, Mtumba, Ihumwa na Matumbulu, na kuzishika barabara zote nne kama pete. Lori likikuta njia ya Singida imefungwa kabla ya pete, bidhaa zinaweza kuja kwa njia nyingine, zikazunguka, zikaingia mitaa ileile.

Ubongo una pete hiyohiyo. Chini yake, pale ateri nne zinapowasili, kuna vishipa vya kuunganisha: kimoja cha mbele kinachoshikanisha upande wa kulia na wa kushoto, na viwili vya nyuma vinavyoshikanisha njia za karotidi na njia za basila. Matokeo yake ni mduara, na mitaa yote ya ubongo mkubwa huanzia kwenye mduara huo. Unaitwa duara la Willis, kwa jina la Thomas Willis, daktari Mwingereza aliyeueleza mwaka 1664. Michoro yake ilichorwa na Christopher Wren, yule aliyekuja kuwa msanifu wa kanisa kuu la St Paul's jijini London. Willis hakuwa wa kwanza kuuona mduara, ila aliuliza unafanya kazi gani. Alipiga maji ya rangi kwenye ateri moja, akaona rangi ikitokea upande wa pili. Kisha akapasua maiti ya mtu ambaye karotidi yake moja ilikuwa imeziba kabisa, ngumu kama jiwe, na ambaye maisha yake yote hakupooza. Ateri ya vetebra ya upande uleule ilikuwa imepanuka mno. Miaka ilipopita na njia moja ikasinyaa, njia ya pili ilijitanua, na pete ikasambaza.

Kabla yake, kwa zaidi ya miaka elfu moja, madaktari waliamini jambo jingine. Galen wa Pergamo, aliyeishi karne ya 2, aliandika kwamba chini ya ubongo wa binadamu kuna wavu wa ajabu wa vishipa vidogovidogo. Aliuona wavu huo kwa macho yake, ila aliuona kwenye ng'ombe na mifugo mingine. Ng'ombe anao, mbuzi anao, kondoo anao. Binadamu hana, na mwaka 1543 mwanaanatomia Andreas Vesalius alisema hivyo waziwazi. Sisi wa mkoa huu wa wafugaji tunaweza hata kuiona tofauti kati ya mnyama na mnyama machinjioni. Kisu cha shingo hukata karotidi zote mbili, lakini ateri za vetebra ziko ndani ya mfupa, hazikatwi. Kwa mbuzi na kondoo, ateri hizo za nyuma haziulishi ubongo wa mbele kwa maana yoyote, basi mnyama hupoteza fahamu upesi. Kwa ng'ombe zinachangia kwenye ule wavu, na ndiyo sababu mojawapo ya ng'ombe kuchelewa zaidi. Mchinjaji mzoefu anajua hilo bila kusoma.

Turudi kwenye pete, maana hapa ndipo watu wengi huelewa nusu, na nusu hiyo huwafariji bila sababu. Husikia kuna mduara wa akiba wakadhani ubongo uko salama. Kuna mambo mawili ya kuongeza.

La kwanza, pete ya vitabuni si pete ya kila mtu. Kwa watu wengi kuna kishipa cha kuunganisha kilicho chembamba kama uzi, au hakipo kabisa. Wapo ambao ateri ya nyuma ya ubongo hutoka kwenye karotidi badala ya basila, kama ilivyokuwa tumboni mwa mama. Hakuna anayelijua hilo kwa kujitazama kwenye kioo. Watu wawili wanaweza kuzibiwa karotidi ileile. Mmoja akaendelea kulima, mwingine akalala nusu mwili.

La pili ndilo zito. Pete husaidia kwa kilichozibwa kabla ya pete. Barabara ikifungwa Bahi, utazunguka. Lakini kama mti umeangukia mtaa wako baada ya kutoka kwenye pete, kilomita 112 za lami nje ya mji hazikusaidii chochote. Mitaa ya ubongo baada ya pete ina vichochoro vichache sana vya kuunganisha mmoja na mwenzake, na mingine haina kabisa. Basi swali la mama wa Bahi linahitaji majina ya mitaa.

Kila upande wa pete hutoa mitaa mitatu. Ateri ya mbele ya ubongo hujitumbukiza kwenye ule mfereji unaotenganisha nusu ya kulia na nusu ya kushoto, ikapanda hadi utosini kwa ndani. Ateri ya nyuma huenda kisogoni. Ateri ya kati, kubwa kuliko zote, hutoka pembeni kupitia ufa uliopo juu ya sikio na kujitawanya kwenye ubavu wa ubongo kama matawi ya mbuyu wakati wa kiangazi.

Juu ya uso wa ubongo kuna ukanda unaoamuru misuli, na mwili umelazwa pale kwa mpangilio. Wilder Penfield, daktari wa upasuaji wa Montreal, alionyesha hivyo na mwenzake mwaka 1937 kwa kugusa ubongo wa wagonjwa walio macho kwa umeme mdogo na kuangalia kiungo gani kinaruka. Mguu umening'inizwa ndani ya ule mfereji wa katikati. Ukishuka kwa nje kuelekea sikioni unakutana na kiwiliwili, bega, kisha mkono, kisha vidole, kisha uso, midomo na ulimi. Na nafasi haikugawiwa kwa ukubwa wa kiungo. Paja lote limepewa kieneo kidogo; vidole na midomo vimepewa uwanja, kwa kuwa kushona, kusuka, kuandika na kusema kunahitaji amri nyingi ndogondogo.

Sasa panga mitaa juu ya mwili huo. Mguu uko kwenye mtaa wa ateri ya mbele. Mkono na uso viko kwenye mtaa wa ateri ya kati. Ateri ya kati ya upande wa kushoto wa ubongo ilizibwa, na kwa kuwa nyaya za amri huvuka upande zikishuka kwenye shina la ubongo, mkono wa kulia ukafa na mdomo ukavutwa. Ateri ya mbele ilikuwa wazi. Mguu ukabaki unakanyaga. Mama, jibu la swali lako la kwanza ni hilo: mguu na mkono, ingawa ni vya upande mmoja wa mwili, havinywi kisima kimoja.

Swali la pili lina jibu la jirani. Kwa watu wengi lugha hukaa nusu ya kushoto ya ubongo, na nusu hiyo ina sehemu mbili kubwa za lugha. Ya mbele hupanga na kutoa maneno. Ya nyuma zaidi, juu na nyuma ya sikio, huyaelewa. Mwaka 1861 jijini Paris, Paul Broca alichunguza ubongo wa mgonjwa aliyekuwa akielewa anachoambiwa lakini kwa miaka mingi alitamka neno "tan" tu. Alikuta sehemu ya mbele ya kushoto imeharibika. Sasa ateri ya kati, ikishatoka kwenye ufa, hugawanyika kwa kawaida kuwa tawi la juu na tawi la chini. La juu hulisha mkono, uso na sehemu ya kutoa maneno. La chini hulisha sehemu ya kuelewa. "Ee... ee..." ya mzee, mkono wake na mdomo wake vyote vilielekeza kwenye tawi moja, la juu, la kushoto. Angezibwa la chini, angesema maneno mengi yasiyo na maana, mkono ukiwa mzima, na watu wangedhani amerukwa na akili. Wapo wanaopelekwa kwa maombi au kwa waganga kwa sababu hiyo, na saa zinapita.

Kwa nini ateri ya kati huumia kuliko nyingine? Kwa sababu ndiyo inayofuata mkondo. Karotidi ya ndani ikifika kwenye pete, damu nyingi husonga mbele kuingia ateri ya kati, na bonge lolote la damu linaloelea husombwa na maji mengi. Mabonge hayo hutoka kwenye panda ya shingoni, au moyoni: kwa wazee moyo unaodunda bila mpangilio, na kwa vijana wetu, mara nyingi kuliko tunavyotaka, valvu zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi iliyoanza kama mafindofindo ya utotoni yasiyotibiwa.

Kuna kiharusi kingine nikionacho sana, nacho kina umbo tofauti. Mgonjwa amepooza uso, mkono na mguu vyote kwa pamoja, kwa uzito uleule, na presha yake haijawahi kupimwa au ana dawa alizoziacha "alipojisikia nafuu". Hapa mtaa mkubwa haujazibwa. Ateri ya kati, kabla haijafika juu ya uso wa ubongo, hutoa vishipa vyembamba sana, chini ya milimita moja, vinavyochipuka kwa pembe mraba na kupenya moja kwa moja kwenye kina. Mishipa mingine hupungua taratibu, tawi kwa tawi, na shinikizo hupungua nayo. Hivi vimeunganishwa ghafla kwenye bomba kubwa. Fikiria umefunga mpira mwembamba wa bustani kwenye bomba kuu linaloleta maji Dodoma kutoka visima vya Mzakwe. Presha ikikaa juu ya 140 kwa 90 mwaka baada ya mwaka, kuta za vishipa hivi huwa nene na ngumu mpaka vinaziba, au hudhoofika mpaka vinapasuka. Na huko ndani ndiko nyaya zote za nusu mwili zinakobanana kupita mahali pembamba, kama ng'ombe wa mnada mzima wakipita lango moja. Doa dogo kama punje ya choroko likitua langoni, nusu nzima ya mwili hulala.

Kiharusi cha kuziba na cha kupasuka huweza kufanana kabisa kwenye benchi langu. Hakuna jicho wala kidole cha daktari kinachoweza kuvitenganisha kwa uhakika. Ni kipimo cha picha ya ndani ya kichwa tu, kama CT. Ndiyo maana namwomba kila anayesoma asimpe mgonjwa wa aina hii aspirini nyumbani kabla ya kipimo. Kama mshipa umepasuka, dawa inayozuia damu kuganda inaongeza mafuriko.

Mpasuko mwingine hutokea kwenye pete yenyewe. Pale vishipa vinapoungana na kugawanyika, ukuta huweza kuwa dhaifu na kutunisha kifuko kinachoning'inia kwa kikonyo. Wakulima wa Mpunguzi na Hombolo wangekitambua mara moja: ni punje ya zabibu kwenye shada lake. Mahali kinapopenda kuota ni kwenye kile kiunganishi cha mbele. Kinaweza kukaa maisha yote bila kelele. Kikipasuka, mtu hupata maumivu ya kichwa yanayofika kileleni kwa sekunde au dakika, makali kuliko yote aliyowahi kuyajua, mara nyingi na kutapika na shingo kukakamaa. Mtu akikwambia "kichwa kimenipiga kama rungu", usimpe dawa ya maumivu ukamlaza. Mtafutie gari.

Upande wa nyuma nitaupitia kwa kifupi, ingawa unasumbua sana kuutambua. Ateri ya nyuma ikizibwa, macho ni mazima lakini nusu ya mandhari inatoweka. Mtu anajigonga mlangoni upande uleule kila mara, anaacha chakula nusu ya sahani. Matawi ya basila na vetebra yakizibwa, ubongo mdogo ulio kisogoni hukosa damu, na mgonjwa hupepesuka, huona kizunguzungu, hutapika, ulimi ukawa mzito. Wengi wa hawa huambiwa wamelewa au wana malaria. Basila yenyewe ikizibwa, mtu anaweza kubaki na fahamu zote, anasikia, anaelewa, na hawezi kusogeza kitu isipokuwa kope na kupandisha macho. Kila ninapomkuta mgonjwa asiyejibu, huinama sikioni na kumwomba afumbe macho mara mbili. Nimejizoeza hivyo kwa heshima ya huyo mmoja ambaye huenda yumo.

Limebaki jambo ambalo mama wa Bahi hakuniuliza siku ile, lakini ndilo lililoamua yaliyofuata.

Mtaa ukikatiwa damu, haufi wote kwa pamoja. Chukua shamba la uwele mvua zilipokata. Katikati, mbali na maji, mimea imeshakauka imekuwa mabua. Pembezoni, karibu na mfereji wa jirani, imenyauka, majani yamejikunja, lakini mizizi ingali hai. Ubongo ni hivyo. Katikati ya mtaa seli zimekufa. Kuzunguka hapo kuna ukingo unaopata damu kidogo ya kuiba kutoka kwa vichochoro vya mitaa jirani: seli zimenyamaza, hazifanyi kazi, hazijafa. Kwa mtazamaji zote zinafanana, mkono umelala tu. Kila dakika ateri kubwa inapokaa imezibwa, inakadiriwa seli za neva milioni 1.9 hupotea, na nyingi ni za ukingo huo. Dawa ya kuyeyusha bonge kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na saa huhesabiwa tangu mara ya mwisho mtu alipoonekana mzima. Kwa mzee aliyelala saa 3 usiku akiwa salama na kuamka amepooza, saa hiyo ni saa 3 usiku. Kukandwa kwa maji ya moto hakukumdhuru mkono. Kulikula muda ambao huenda tayari ulikuwa umekwisha, nami siwalaumu, maana hakuna aliyewahi kuwaambia.

Ukingo huo ndio unaotufanya tusikimbilie kuishusha presha ya mgonjwa kwa pupa siku ya kwanza, jambo ambalo ndugu hutushangaa. Wanaona 190 kwa 100 wanataka dawa sasa hivi. Lakini kama mshipa umeziba, ile damu ya kuiba inasukumwa na presha hiyohiyo, na ukiishusha ghafla walio mwisho wa mfereji ndio wanaokauka kwanza. Kuishusha presha huongozwa na kipimo na aina ya kiharusi, kwa hatua.

Mzee alirudi kituoni baada ya miezi mitatu, na mkewe. Hospitali walikuwa wamempima na kuthibitisha kwamba mshipa uliziba, haukupasuka, wakamwanzishia dawa, na alikuwa akifanya mazoezi ya viungo na ya kusema. Niliposema shikamoo alinyamaza kidogo, akakusanya nguvu, akasema, "Mara...haba." Mguu ulikuwa mzima. Bega lilipanda, kiwiko kilikunjika. Vidole ndivyo vilivyobaki nyuma, kwa sababu uwanja wao ndio mkubwa na ulikuwa katikati ya mtaa uliokauka. Bega na kiwiko vilikuwa karibu na mpaka wa ateri ya mbele, vikapata maji ya jirani.

Nilichukua daftari nikamchorea mama pete, barabara nne, mitaa mitatu kila upande, nikaweka alama ya mkasi pale palipozibwa. Aliitazama muda mrefu. Kisha akamgeukia mumewe aliyekuwa akihangaika na vifungo vya shati baada ya kupimwa presha. Viwili vya juu alikuwa ameshavifunga mwenyewe, kwa mkono wa kulia. Mama hakumsaidia cha tatu. Alikaa akasubiri.